Filta ya Pili

Jumatatu, 10 Machi
Presha: 148/94.

Daktari wa zahanati ya Kangemi, mtaani kwangu, ameniamuru nipime kila asubuhi na kuandika. Presha ni mstari mmoja na daftari lina kurasa tisini na sita, kwa hivyo zilizobaki nimejitwalia. Mwanamke wa miaka arobaini na minane anayeshinda kwenye kaunta ya spea, akisikiliza wanaume wakimweleza injini zao, hakosi la kuandika.

Leo Shem amepiga simu kutoka nyumbani, Usenge. Ni mdogo wangu wa mwisho. Ana boti kubwa ya mbao inayovusha watu na magunia hadi kisiwa cha Mageta, na injini yake ni dizeli iliyong'olewa kwenye pikapu ya zamani. Anataka filta ya oili kabla mvua haijaanza, maana iliyoko imeliwa na kutu na anaogopa itatoboka katikati ya ziwa.

Nikamwuliza namba. Akasema kutu imekula namba pia. Basi nikamwambia tunalomwambia kila mtu dukani, Kirinyaga Road: fungua, utume sampuli. "Na mimi nitatembea na nini, nyaminwa?" akauliza. Nyaminwa ni dada yetu kwa Kijaluo, na akiniita hivyo najua anabembeleza. Nikamwambia akae ufuoni siku tatu, hatakufa.

Alhamisi, 13 Machi
Presha: 145/92.

Sampuli imefika kwa basi, imefungwa kwenye karatasi ya mkate, inachuruzika oili.

Nimemfanyia Mbuthia, mwenye duka, kazi miaka kumi na tisa na sijawahi kufungua katalogi. Nashika filta ya zamani mkono wa kushoto, nazunguka rafu, nachukua zinazofanana nayo, naziweka mdomo kwa mdomo. Mpira ukilala juu ya mpira bila kuchungulia, nusu ya kazi imekwisha. Kisha kidole cha kati kinaingia kwenye tundu na kuzunguka thredi, ile mistari ya kukazia: ya zamani, mpya, halafu ya zamani tena. Mafundi wa mtaa huu wananiita Vernia, kama kile chuma cha kupimia, na sitajifanya jina hilo silipendi.

Leo zilikuwa tatu. Ya kwanza mpira wake ulizidi. Ya pili ilikuwa fupi mno, haichukui oili ya kutosha, nayo injini ya boti hufanya kazi bila kupumzika. Ya tatu, ya samawati kutoka katoni mpya, ililala sawasawa.

"Auntie Beryl, si nipime kwanza? Ni dakika moja tu," akasema Nzembi. Huyu ni msichana wa Machakos aliyeajiriwa mwaka jana baada ya chuo. Ana kipimo chake mwenyewe, anakibeba kwenye mkoba pamoja na mafuta ya midomo.

"Enda upime sukari ya chai," nikamwambia. Mafundi wawili waliokuwa kwenye kaunta wakacheka. Nzembi akarudisha kipimo mkobani.

Nimetuma filta mbili kwa basi la jioni, moja ya kufunga na moja ya akiba. Huko hakuna duka la kukimbilia.

Jumapili, 16 Machi
Presha: 144/90.

Shem ameifunga. "Imeingia laini, nyaminwa. Hata ile ya zamani haikuingia rahisi hivi." Haivuji tone. Nimeenda kanisani nikiwa na furaha.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua ya kwanza. Kutoka barabarani hadi mlangoni kwangu ni matope matupu.

Alhamisi, 27 Machi
Presha: 141/89.

Mbuthia ametununulia chai na ndazi kwa sababu biashara ni nzuri. Ni mzee mpole, hapandishi sauti hata kwa wateja walevi. Nzembi ameandika vibandiko vya vipimo na kuvibandika kwenye rafu zote. Sasa duka linafanana na darasa la nasari.

Jumatano, 2 Aprili
Presha ya asubuhi ilikuwa 143/90. Ya sasa sitaki kuijua.

Saa nne alikuja Jamleck, mwenye kisiagi cha mahindi kule Kabiria. Alibeba filta ya samawati kwenye mfuko wa plastiki na kuitua juu ya kaunta kama mtu anayetua panya aliyekufa.

"Mama, hii kitu ulinipea ndio hii. Imeruka. Nilikuwa nasaga, nikasikia 'pu!', nikaona oili imejaa ukuta mzima. Kabla nizime, injini ikakauka, ikakwama. Siku tisa tu!"

Nikamwambia pengine hakuikaza. Ndivyo tunavyojibu sote. Nzembi aliichukua filta, akatoa kipimo chake, akakiingiza kwenye tundu. Kisha akamwomba Jamleck ile ya zamani, na kwa bahati alikuwa nayo kwenye gari. Akapima hiyo pia.

Alinivuta nyuma ya rafu kabla ya kusema, na kwa hilo nitamshukuru hadi nife. "Auntie, hii ya blue ni ya milimita ishirini. Yake ya zamani ni ya robo tatu ya inchi. Tofauti haifiki hata milimita moja. Inaingia tu fiti, unakaza, unaona imeshika, lakini ni ncha ya thredi inashika. Oili ikisukuma siku mingi, inaruka."

Tofauti isiyofika milimita moja, kidole hakiwezi kuijua. Sikuhitaji kumwuliza mengine. Nilikuwa nimeshaisikia sauti ya Shem: imeingia laini.

Sampuli yake bado ilikuwa chini ya kaunta, kwenye karatasi yake ya mkate. Nzembi akaipima. Ni ya robo tatu ya inchi.

Nilikaa juu ya katoni. Mbuthia akaja, akasikiliza, akaishika ile filta na kuigeuzageuza. Nilitaka aseme ni feki, kwamba aliyetuuzia ametuibia. Akasema, "Hii filta ni mzuri, Beryl. Ni ya injini ingine tu. Ni nani alichagua?" Hakupandisha sauti. Jamleck alipewa nyingine, na ahadi kwamba fundi wetu ataenda kuifungua injini yake.

Kisiagi kikizima, watu wanakwenda kusaga kwingine. Boti ikizima Aprili katikati ya ziwa, wanakwenda wapi?

Alhamisi, 3 Aprili
Presha: 168/102.

Nimempigia Shem. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri. Akapokea akicheka, watu wakipiga kelele nyuma yake wakipakia magunia, akawaambia, "Ni yule dada yangu wa spea!" Nikamwuliza filta inaendeleaje. Akasema iko imara, na kwamba amewaambia watu wote wa ufuoni kuwa yeye ana mtu Nairobi.

Nikamwambia aiangalie mara kwa mara. Hilo tu. Nilikata simu, nikajiita mwoga kwa sauti, hadi jirani akagonga ukuta kuuliza kama namwita.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Sikupiga.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Sikupiga. Nimemtumia ujumbe kuuliza habari ya watoto. Wazima.

Jumapili, 6 Aprili
Presha: 171/104.

Kasisi ameomba kwa ajili ya wasafiri. Nilitoka nje nikajifanya nakohoa.

Mvua. Sikupiga.

Jumatatu, 7 Aprili

Nzembi amehamisha katoni ya samawati hadi rafu ya juu kabisa na kuandika namba yake kwa kalamu nyekundu. Hakunicheka. Nilimsubiri anicheke siku nzima ili nimkasirikie, nikamkosa. Saa ya chakula alikuja na simu yake, akanionyesha hali ya hewa ya ziwani kwa siku saba: upepo, upepo, upepo.

"Auntie, brother yako umemwambia?"

Nikasema ndiyo.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Sikupiga.

Naogopa nini hasa? Nimejiuliza nikiosha vyombo. Naogopa afe, hilo ni wazi. Lakini kama ni hilo peke yake ningekuwa nimempigia Jumatano ile ile. Nilimlea Shem mama akiwa hospitalini. Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga viatu. Hakuna mtu mwingine duniani anayeamini kwamba najua kila kitu.

Alhamisi, 10 Aprili
Presha: 176/108.

Nimemwambia.

Nilipiga saa moja asubuhi, kabla hajaondoka. Nikamwambia filta niliyomtumia si yake, kwamba ilikubali mkononi mwangu lakini injini itaikataa, na kwamba imeshamrukia mtu mmoja. Nikamwambia asiende popote. Nililia, na sikuzuia.

Nikasikia akitua dumu chini.

"Umejua lini?" akauliza.

"Wiki iliyopita."

"Jumamosi nilivusha watu ishirini na sita."

Hakuniita nyaminwa. Akasema ataifungua sasa hivi, akakata. Saa mbili akatuma picha ya filta ikiwa juu ya jiwe, oili ikitiririka. Kwenye mdomo wake thredi zimekwanguka, zinang'aa.

Nimelala mchana, jambo nisilolifanya. Nilihisi kama mgonjwa aliyeshuka homa.

Ijumaa, 11 Aprili
Presha: 150/95.

Nzembi ameipata filta ya kweli kwenye duka la tatu. Aliipima pale pale mlangoni, mvua ikimnyeshea. Mimi nilimshikia mwavuli. Imeondoka na basi la mchana.

Jumapili, 13 Aprili. Sikupima.

Ni Jumapili ya Matawi na sikwenda kanisani. Naandika ya jana.

Asubuhi tulisikia basi lenye filta limekwama njiani, mto umefunika daraja. Nikasema si neno, boti ya Shem iko ufuoni, haina filta, haiendi popote. Nilikuwa mtulivu. Nilikunywa hata chai.

Saa nane mchana Shem akapiga. Upepo ulikuwa ukiipasua sauti yake.

"Odero amekwama majini. Injini imezima. Tunaiona boti kutoka hapa, inasukumwa kwenye maji makubwa."

Odero ni jirani yetu. Boma lao na letu yanatenganishwa na ua tu. Naye ana boti ya injini kama ya Shem. Nikauliza imezimaje.

"Ulituma mbili," akasema Shem. "Ya pili nilimpa yeye."

Ya pili. Alhamisi nilipolia kwenye simu sikuitaja ya pili. Nilikuwa nimehofia damu yangu tu, na damu yangu ilipokuwa salama nikalala mchana. Shem naye, kwa hasira, alikuwa ameisahau.

Odero alikuwa amebeba kwaya ya akina mama wa kanisani, kumi na mmoja, wakienda Mageta kwa ibada ya Matawi. Boti nyingine mbili za injini zilikuwa kisiwani upande wa pili na haziwezi kutoka kwa mawimbi yale. Kulikuwa na boti ya Shem tu, nayo haina filta.

"Ile yangu ya zamani iko wapi?" akauliza. "Hata kama ina kutu. Ni ya saa moja tu."

Ilikuwa chini ya kaunta. Niliiona nilipokuwa nimesimama. Mimi ndiye niliyesema atume sampuli.

"Iko hapa," nikamwambia.

"Basi narudisha ile ya samawati. Niambie itashika."

Nilitaka kudanganya. Nilitaka kumwambia haiwezekani kabisa, itaruka kabla hajatoka kwenye matete, ili abaki ufuoni akiwa hai. Wako kumi na wawili kule na yeye ni mmoja, na moyo wangu ulimtaka yule mmoja. Naliandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nzembi alikuwa amesikia yote. Aliichukua simu yangu, akaiweka juu ya kaunta, akawasha spika. "Auntie, haitoki kwa kuzunguka. Inasukumwa tu. Si kitu ikiizuia kwa nyuma, haiwezi kwenda?"

Hapo kichwa changu kikarudi. Nikamwuliza Shem, kutoka tako la filta hadi ubavu wa boti kuna nafasi gani. Akasema kiganja na nusu. Nikamwambia akate kipande cha mti, akigongomee hapo kati, kikaze hadi filta isiwe na pa kwenda, kisha afunge yote kwa blada, vile vipande vya mpira wa tyubu, mizunguko mingi. Abebe oili yote aliyonayo. Asipige resi, injini iende polepole.

"Na oili baridi inasukuma sana," akaongeza Nzembi. "Aiwache ingurume polepole dakika kumi ipate moto."

"Dakika kumi sina," akasema Shem.

"Tano," nikasema mimi. "Shem, tano."

Nikasikia akigonga mti. Nikasikia wanaume wakipiga kelele, na injini ikikohoa, kisha ikiwaka. Ikanguruma polepole. Tulihesabu dakika kwenye saa ya ukutani, mimi na Nzembi, midomo ikicheza kama watu wanaosali rozari.

"Itashika, nyaminwa?"

Miaka kumi na tisa sijawahi kumjibu mteja hivi. "Sijui," nikasema.

Akakata.

Hiyo ilikuwa saa nane na dakika ishirini na tano. Saa tisa duka hufungwa Jumamosi. Mbuthia aliteremsha mlango nusu, nikajua atatuambia twende. Badala yake alivuta stuli akaketi, kofia magotini. Nilikuwa nimemchukia tangu siku ile aliyouliza ni nani alichagua. Alikaa pale hadi mwisho na hakusema hata neno moja la faraja, na nilishukuru, kwa sababu ningempiga na kitu.

Mvua ilipiga mabati. Nilipiga simu ya Shem mara thelathini na moja. Mwanamke yule yule wa mashine alinijibu kwa adabu ile ile. Saa kumi nilitapika kwenye ndoo ya vitambaa. Nzembi aliimwaga, akarudi, akanishika kifundo cha mkono, hakuniachilia tena. Nilianza kufikiria wimbo ambao kwaya ile ingekuwa inauimba, nikajikataza.

Saa kumi na moja na dakika kumi simu ikalia.

"Tuko ufuoni," akasema Shem. Meno yalikuwa yakigongana. "Wote. Nimeivuta kwa kamba. Oili imevuja hadi vifundoni, nimemimina madumu matatu, lakini haikuruka."

Nilipiga yowe. Nzembi aliketi sakafuni. Mbuthia alivaa kofia, akaitoa, akaivaa tena.

Kisha Shem akapunguza sauti. "Nimewaambia ni oili mbaya iliyoharibu injini ya Odero. Wamekubali. Usiseme kitu kwa mtu yeyote, umenisikia? Utakuja nyumbani Desemba, utaishi na watu hawa."

Nikasema nimesikia.

Jumatatu, 14 Aprili
Presha: 163/99.

Saa nne Odero akapiga simu. Tulikuwa hatujazungumza tangu mazishi ya baba yake. Nilitoka nje ya duka, nikasimama chini ya bati la jirani.

"Dada Beryl," akasema, "Shem ametuambia ni wewe ulimwelekeza afunge ule mti. Nilisema siwezi kunywa chai leo kabla sijakushukuru. Umetuokoa watu kumi na wawili."

Ningeweza kusema tumshukuru Mungu. Ndilo jibu la kawaida na maneno yake si mengi. Jumamosi niliogopa hadi nikatapika, lakini kile kilichonishika pale chini ya bati kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu sasa hakukuwa na upepo wala ziwa. Nilikuwa mimi tu.

"Odero," nikasema, "haikuwa oili. Ni ile filta. Niliichagua mimi, nikakosea, na nilijua siku kumi kabla. Nilimwambia Shem kuhusu yake. Yako sikuikumbuka."

Nikasikia kuku, na mtu akipasua kuni.

"Shem alisema ni oili."

"Shem ananifichia."

"Mama yangu alikuwa ndani," akasema polepole. "Hajui kuogelea. Alinishika mkanda muda wote ule, hata jana vidole vilikuwa havijanyooka."

"Pole, Odero."

"Usiniambie pole." Akavuta pumzi. "Nisingekupigia kukushukuru, ungeniambia?"

Nilifikiri. Alistahili nifikiri. "Sijui," nikasema.

"Basi na mimi sijui kama nitakusamehe. Nikijua nitakupigia."

Akakata. Nilirudi ndani, nikachukua kalamu nyekundu, nikaanza na Nzembi kutafuta kila mtu aliyeuziwa filta ya katoni ile. Tumepata tisa. Wa kumi ni dereva wa nyumba moja Loresho, na hatumjui jina.

Jumatano, 16 Aprili

Dereva wa Loresho amepatikana. Ilikuwa ya jenereta, bado iko kwenye boksi lake. Nilimweleza makosa yangu mbele ya askari wa geti, akaipokea nyingine akarudi ndani.

Shem hapokei simu zangu. Mama anasema amekasirika kwamba nilisema.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Mvua. Odero hajapiga. Simu ikilia nakaa chini kwanza, ndipo niangalie ni nani.